Kupima CO₂ inayoyeyuka kwenye viyeyushi mchanganyiko: mwongozo wa maabara ndogo

Kwa njia nitakayoieleza hapa, hakuna chombo unachochovya kwenye mmumunyo kikakusomea kiasi cha CO₂ kilichoyeyuka. Unajua gesi uliyoingiza, unajua iliyobaki juu ya kimiminika, unatoa. Ni hesabu ya mwenye duka: mzigo ulioingia, mzigo uliobaki rafuni, tofauti ndiyo mauzo. Na kama dukani, upotevu hujificha kwenye hizo namba mbili za mwanzo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu gesi iliyobaki, ingawa kinachotafutwa ni iliyoyeyuka.

Kwanza, kwa nini watu wanachanganya viyeyushi. MEA (monoethanolamini, mojawapo ya amaini, yaani kemikali zenye naitrojeni zinazoshika CO₂) ya asilimia 30 kwa uzito ndani ya maji ndiyo rula ambayo viyeyushi vingine vya kunasa kaboni hupimwa nayo. Hataza ya R. R. Bottoms ya kusafisha gesi kwa amaini ni ya mwaka 1930, na kemia yake bado ni ileile. MEA inashika CO₂ haraka, ila moli mbili za MEA hutumika kushika moli moja ya CO₂, kwa hiyo shehena yake (moli za CO₂ kwa kila moli ya amaini) inaanza kugoma karibu na 0.5. Kuiachilia tena kunadai joto jingi, takriban kJ 85 kwa kila moli. MDEA (methildiethanolamini) inaweza kubeba hadi moli moja ya CO₂ kwa kila moli yake na haidai joto kubwa hivyo, lakini haishiki CO₂ moja kwa moja: inahitaji maji ya kugeuza gesi kuwa baikaboneti, na kazi hiyo huenda polepole. Ndipo inapoongezwa piperazini kidogo, amaini nyingine yenye kasi. MDEA ni lori kubwa lisilo na haraka, piperazini ni utingo anayepakia mzigo mbio.

Wengine huweka kiyeyushi cha kimaumbile (kinachoyeyusha gesi bila kuungana nayo kikemia) badala ya sehemu ya maji: salfolani, NMP (methilipirolidoni), glaikoli. Hapo ujihadhari. Ukiondoa maji yote kwenye MDEA, ile njia ya baikaboneti imekufa, na namba utakayopata itafanana na ya kiyeyushi kisicho na amaini. Mabadiliko ya asilimia chache kwenye mapishi yanahamisha jibu, ndiyo maana mizani ina kazi kubwa hapa kuliko kipima presha.

Na upimie wapi? Moshi wa dohani ya kituo cha makaa ya mawe una CO₂ asilimia 12 hadi 15. Wa mtambo wa gesi asilia asilimia 3 hadi 5. Usawa wa bahari hiyo ni presha ya CO₂ ya kama kPa 3 hadi 15. Mnara wa kunasia hufanya kazi karibu na nyuzi 40, wa kuchemshia karibu na 120. Anza na nyuzi 40. Anayekimbilia 120 kabla chemba yake haijathibitishwa anajitafutia kazi.

Hatua ya 1: Vifaa, na shaba ikae mbali

Vyombo viwili vya chuma cha pua aina ya 316: tanki la akiba (tuseme mililita 500) na chemba ya msawazo (tuseme mililita 120), kati yao vali moja. Kila kimoja kiwe na kipima presha chake na kipima joto cha Pt100 (cha platini). Cha chemba kiguse kimiminika chenyewe. Vyote vizame kwenye beseni la maji linaloshika jotoridi ndani ya 0.1 °C. Ongeza kikorogeo cha sumaku, pampu ya ombwe, mizani ya kusoma miligramu, na vali ya usalama iliyopangwa kufunguka chini ya presha ambayo kifaa chako dhaifu kuliko vyote kinaweza kuhimili.

Kipima presha kiwe cha kusoma kutoka ombwe kamili. Geji za karakana husoma sifuri hewani, na watu huongeza 101 kwa mazoea. Mombasa utasalimika. Nairobi hewa ina takriban kPa 83, kwa hiyo umejiongezea kPa 18 ambazo hazipo, na presha unayoitafuta ni 5.

Shaba na brasi (mchanganyiko wa shaba na zinki) visiguse amaini. Nilijifunza hili kwenye maabara moja ambako stoo ilitupa kiungio cha bomba "cha dharura". Asubuhi tulipofungua chemba, mmumunyo uliokuwa mweupe kama maji ulitoka bluu ya wino wa kalamu. Amaini ilikuwa imelamba shaba usiku kucha, na pointi nne za siku mbili zikaenda na maji. Mipira ya kuzibia nayo: Viton haivumiliani na amaini, tumia EPDM au PTFE.

Usalama kwa kifupi. CO₂ ni nzito kuliko hewa na hutuama chini. Kikomo cha kazi cha saa nane ni ppm 5,000, na ppm 40,000 ni hatari ya papo hapo. Madirisha yawe wazi, mtungi ufungwe mnyororo. MEA inaunguza ngozi na macho, na unga wa piperazini unaweza kukuachia mzio wa pumu, kwa hiyo upime chini ya kofia ya kufyonza hewa.

Hatua ya 2: Jua ujazo wa vyombo vyako

Usiamini ujazo ulioandikwa na mtengenezaji, kwa sababu mabomba, vali na shingo za vipimo havimo.

Tanki la akiba lipime kwa maji: lipime uzito likiwa tupu na kavu, lijaze maji yaliyochemshwa na kupozwa bila kubakiza kiputo, pima tena, gawa kwa densiti ya maji ya jotoridi hilo. Likiwa la mililita 500, kosa la gramu moja ni asilimia 0.2 tu.

Chemba ipime kwa gesi, kwa sababu ina kona nyingi. Kijiti cha sumaku kiwe ndani tayari. Toa hewa kwenye chemba, jaza tanki naitrojeni hadi kama kPa 300, acha itulie, andika P₁. Fungua vali, subiri, andika P₂. Basi P₁ ÷ P₂ = 1 + V₂ ÷ V₁, ambapo V₁ ni ujazo wa tanki na V₂ ni wa chemba. Rudia mara tano. Ukitaka kujikagua, tumbukiza gololi za chuma ambazo ujazo wake unaujua, rudia zoezi, uone kama chemba "imepungua" kwa kiasi kilekile cha gololi.

Nguvu zako zielekeze kwenye V₁. Kosa la asilimia 1 kwenye tanki linaingia zima zima kwenye shehena. Kosa hilohilo kwenye chemba, presha ikiwa ndogo, halionekani. Mambo hugeuka ukipima viyeyushi vya kimaumbile kwa presha kubwa: hapo gesi iliyobaki juu ni nyingi, na ujazo wa chemba unakuwa na sauti.

Hatua ya 3: Tengeneza mmumunyo

Kwa mizani, kamwe si kwa silinda ya kupimia. Kwa MEA ya uthibitisho: gramu 60 za MEA, gramu 140 za maji. Kwa mchanganyiko wa mfano: MDEA gramu 70, piperazini gramu 10, maji gramu 120. Maji yawe yamesafishwa kwa mvuke, yakachemshwa, yakapozwa kwenye chupa iliyozibwa.

Soma lebo ya piperazini mara mbili. Inauzwa kavu, na inauzwa pia ikiwa imebeba moli sita za maji. Ya kavu ina gramu 86.14 kwa moli. Yenye maji 194.23. Ukipima gramu 10 za hii ya pili, umeweka piperazini gramu 4.4 tu, na hakuna dalili yoyote itakayokuonya.

Chupa ya amaini iliyofunguliwa miezi mitatu iliyopita imekuwa ikinywa CO₂ ya hewa muda wote huo. Fanya taitresheni ya sampuli kwa asidi ya haidrokloriki ili kujua amaini, kisha pima CO₂ iliyomo kwa njia ya Chittick iliyo kwenye Hatua ya 8. Ikiwepo, ama uiongeze kwenye hesabu ama ufungue chupa mpya.

Hatua ya 4: Ombwe, kuvuja, na kuondoa hewa

Jaza mfumo mtupu naitrojeni hadi presha ya juu kuliko utakayoitumia, funga, uache usiku kucha. Jotoridi likiwa lilelile asubuhi, presha nayo iwe ileile. Ikishuka, sabuni ya maji kwenye viungio itakuonyesha mahali.

Safisha, toa hewa yote. Vuta mmumunyo kwenye sindano kubwa, pima uzito wa sindano, ingiza kama gramu 50 kwenye chemba (ombwe litazinyonya lenyewe), pima sindano tena. Tofauti ndiyo masi yako. Sasa ondoa hewa iliyoyeyuka: poza chemba kwa barafu, fungua pampu kwa sekunde chache, funga, korogesha, rudia mara tatu au nne. Usiache pampu ikinguruma. Inavuta maji pamoja na hewa, na mapishi yanabadilika.

Pandisha hadi nyuzi 40, subiri, andika presha. Hii ni presha ya mvuke wa mmumunyo wenyewe, utakayoiondoa baadaye. MEA ya asilimia 30 itakupa kama kPa 6.6, maji peke yake ni 7.4. Ukisoma 9, kuna hewa humo ndani. Rudi nyuma.

Hatua ya 5: Ingiza gesi

Hapa nakaa kidogo, maana ndipo maabara nyingi zinapojikwaa bila kujua.

Tanzania ina CO₂ ya asili inayochimbwa Rungwe, Kenya inayo ya Kereita, na sehemu kubwa huishia kwenye soda. Kwa mazoezi, gesi ya namna hiyo inafaa. Kwa namba ya kuchapisha, uliza usafi wake kwa tarakimu. Tuseme unaingiza moli 0.121 za gesi yenye usafi wa asilimia 99.9. Ile 0.1 iliyobaki ni naitrojeni na wenzake, na hao hawayeyuki kwenye amaini. Wote watakusanyika kwenye mililita 70 za nafasi iliyo juu ya kimiminika. Moli 0.000121 kwenye mililita 70 kwa nyuzi 40 ni kPa 4.5. Presha ya CO₂ unayoitafuta ni kama 5! Umesoma 9.5 ukaamini yote ni CO₂. Kwa usafi wa 99.99 wageni hao wanabaki 0.45, kwa 99.999 wanabaki 0.045. Gesi ghali ina sababu yake, na hakuna hesabu itakayokuokoa usipokuwa nayo.

Jambo la pili ni joto. CO₂ ikishikwa na MEA inatoa kJ 85 kwa moli. Moli 0.121 zikiingia kwa mkupuo zinaachia kJ 10, na gramu 50 za mmumunyo zingekuwa peke yake zingepanda zaidi ya nyuzi 50. Kwa hiyo ingiza kidogo kidogo, mara sita au nane, ukisubiri kila mara jotoridi lirudi 40.0. Kila ukijaza tanki la akiba gesi inapata joto, kila ukilifungua inapoa; usisome presha mpaka Pt100 ya tanki itulie.

Hatua ya 6: Subiri

Msawazo umefika presha ya chemba isipobadilika zaidi ya uwezo wa kipima chako kwa saa nzima. MEA huchukua saa moja au mbili. MDEA peke yake huchukua zaidi, na michanganyiko mizito yenye glaikoli au salfolani inaweza kukulaza maabara. Kikorogeo kivunje uso wa kimiminika; kikizunguka chini tu, utasubiri hadi mwezi uandame. Umeme ukikatika katikati, usitumie pointi hiyo hata kama inaonekana nzuri.

Hatua ya 7: Hesabu

Mfano, ukiwa na gramu 50.0 za MEA ya asilimia 30. Amaini ni 15.0 ÷ 61.08 = moli 0.2456. Tanki (mililita 500, nyuzi 40) lilianza kPa 900, likaishia kPa 300 baada ya kuingiza gesi mara zote.

Kwa presha hizi CO₂ haifuati kanuni ya gesi kamilifu. Kigezo cha mgandamizo, Z, ni karibu 0.962 kwa kPa 900 na 0.987 kwa kPa 300; kichukue kutoka mlinganyo wa Peng na Robinson au, bora zaidi, wa Span na Wagner. Kwa n = PV ÷ ZRT (R ni kigezo cha kudumu cha gesi, T ni jotoridi kwa kelvini), tanki lilikuwa na moli 0.1797, likabaki na 0.0584. Zilizohamia: 0.1213.

Chemba inasoma kPa 11.6. Ondoa mvuke 6.6, inabaki CO₂ ya kPa 5.0. Kwenye mililita 70 hiyo ni moli 0.0001. Zilizoyeyuka ni 0.1212, na shehena ni 0.1212 ÷ 0.2456 = 0.493.

Sasa rudia ukiwa umesahau Z. Zilizohamia zinakuwa 0.1152 na shehena 0.469. Asilimia 5 zimepotea kwa kuruka herufi moja, na mchoro wako utakuwa laini na mzuri kabisa, kwa sababu kosa la namna hii linapeleka pointi zote upande mmoja.

Kwa mchanganyiko wa amaini mbili, sema wazi umegawa kwa nini. Piperazini ina atomi mbili za naitrojeni. Wapo wanaohesabu moli za amaini, wapo wanaohesabu naitrojeni, na majedwali yao hayalingani ingawa kipimo ni kimoja. Mimi huandika pia moli kwa kilo ya kiyeyushi. Hiyo haina ubishi, na kwa michanganyiko yenye glaikoli au NMP ndiyo pekee yenye maana.

Hatua ya 8: Thibitisha kabla ya kupima kipya

Pima MEA ya asilimia 30 kwa nyuzi 40 kwanza, ulinganishe na data za Jou, Mather na Otto za mwaka 1995. Tegemea shehena ya karibu 0.5 presha ya CO₂ ikiwa kPa chache, na karibu 0.6 ikifika 100. Chora logi ya presha dhidi ya shehena. Ukiwa ndani ya asilimia 5, endelea na mchanganyiko wako. Ukiwa nje, rudi kwenye V₁, kisha usafi wa gesi, kisha Z.

Kagua kwa njia ya pili isiyotegemea presha ya chemba. Chittick ni rahisi na haili fedha: sampuli ya gramu 2, asidi ya haidrokloriki hadi kiashirio cha methili chungwa kigeuke na kupitiliza, CO₂ yote inatoka na kusukuma kimiminika kwenye bureti. Toa ujazo wa asidi uliyoongeza. Shehena ikiwa 0.5, kwa nyuzi 20 usawa wa bahari utapata kama mililita 118. Nairobi gesi ileile itachukua mililita 144, kwa kuwa hewa ya kuisukuma ni nyepesi. Aliyekariri lita 24 kwa moli atatangaza shehena ya 0.61 na kudhani amegundua kitu.

Chini ya kPa 1 au 2, acha njia hii ya kutoa, unaondoa 6.6 kutoka 7.3 na kosa ni kubwa kuliko jibu. Huko pitisha mchanganyiko wa naitrojeni na CO₂ wenye kiwango kinachojulikana kwenye mmumunyo hadi kichambuzi cha infraredi kisome kilekile kuingia na kutoka, kisha Chittick itakupa shehena.

Anayehitaji umumunyifu wa kimaumbile ndani ya amaini hawezi kuupima kwa CO₂, maana gesi inashikwa kabla haijahesabiwa. Hutumika N₂O, yenye uzito uleule wa 44 na umbo linalokaribiana, ambayo amaini haiigusi. Unapima N₂O kwenye mmumunyo, unazidisha kwa uwiano wa CO₂ na N₂O ndani ya maji, ambao kwa nyuzi 25 ni kama 1.35. Tofauti za umumunyifu wa kimaumbile zina matumizi hata bila amaini: kwenye Ziwa Kivu, methani inayovutwa kutoka kilindini huoshwa kwa maji ili CO₂, inayoyeyuka zaidi ya mara 20 kuliko methani, ibaki majini.

Ukimaliza

Punguza presha polepole nje ya dirisha au chini ya kofia. Ukifungua ghafla, mmumunyo utatoa povu hadi ndani ya kipima presha. Osha chemba ikiwa bado ya moto, mara tatu kwa maji. Piperazini ikipoa huganda kuwa fuwele ndani ya vali, na vali hiyo kesho itafunga nusu huku mpini ukikuambia imefunga yote.